Kasoro Sifuri, Faili Sifuri

Ripoti inayosema "hakuna kasoro" huwafurahisha wengi. Mimi huanza kwa kuihofia, kisha natafuta mstari ambao wengi huuruka: faili ngapi zimesomwa? Jibu likiwa sifuri, hakuna kilichochunguzwa, na msimbo wenye ugonjwa unakwenda kwa wateja ukiwa na cheti cha uzima.

Kichambuzi tuli ni programu inayosoma msimbo wa programu nyingine bila kuiendesha, ikitafuta makosa kama kumbukumbu inayotumika baada ya kuachiwa, au hesabu inayofurika. Kazi hiyo si ngeni. Stephen Johnson wa Bell Labs aliandika lint mwaka 1978. Lakini msimbo wa C haueleweki kwa kusoma faili peke yake. Kompaila ndiyo inayojua faili za vichwa ziko saraka gani, makro zipi zimewashwa, na namba ya aina ya int inachukua baiti ngapi. Kwa hiyo kichambuzi hulazimika kuifuata kompaila wakati programu inajengwa. Kisipoitambua, hakina cha kusoma.

Namna za kufuata zinatofautiana. scan-build ya mradi wa Clang hujiweka mahali pa kompaila kwa kubadilisha thamani ya CC, kigezo kinachoiambia make, programu ya kujenga, itumie kompaila ipi. Makefile yako, yaani faili ya maagizo ya make, ikiita gcc kwa jina badala ya $(CC), badiliko hilo halifiki. Inaitwa gcc halisi, ujenzi unakamilika salama, na scan-build inatangaza kwamba haikuona kasoro. Weka $(CC) mahali pa jina lile, ujenge upya. Coverity, iliyotokana na utafiti wa Dawson Engler na wanafunzi wake Chuo Kikuu cha Stanford, hutazama kila amri inayopita na kuuliza kama ni mojawapo ya kompaila ilizofundishwa. Kompaila ya vifaa vidogo kama arm-none-eabi-gcc isiposajiliwa kuwa ya ukoo wa gcc, inaweza kupita kama amri nyingine yoyote.

Na kabla ya kulaumu usajili, safisha mabaki ya ujenzi uliotangulia. Make hairudii faili ambayo haijabadilika, na kompaila isiyoitwa haionekani na mtu.

Jina likishatambuliwa, inabaki lahaja ya C ambayo kompaila hiyo inaitumia, na hapa ndipo madhara hujificha zaidi. Chukua ATmega328P, chipu ya bodi ya Arduino Uno R3. Kwa avr-gcc, kompaila ya chipu hiyo, int ni baiti 2, na kikomo chake ni 32,767. Zidisha 200 kwa 200 upate 40,000: hesabu imefurika. Kichambuzi kinachodhani kinasoma msimbo wa kompyuta ya mezani, ambako int ni baiti 4, kitapita hapo bila neno. Huwa pia kinyume chake: kompaila za IAR hukubali neno __interrupt, ambalo halimo katika C sanifu, na kichambuzi kisicholijua huliona ni kosa la sarufi.

Usikisie tofauti hizo. Iulize kompaila yenyewe:

avr-gcc -dM -E -x c /dev/null

Itamwaga makro zake zote, na kati yazo utaona __SIZEOF_INT__ ikiwa 2. Hizo ndizo za kukipa kichambuzi.

Engler na wenzake waliandika kuhusu taabu hii katika jarida la Communications of the ACM mwaka 2010. Walieleza kwamba huko viwandani C ya vitabuni haipo. Iliyopo ni ile ambayo kompaila ya mteja inaikubali. Naona hicho ndicho kipande cha makala yao kinachostahili kusomwa na kila anayeanza kazi hii.

Baada ya usanidi, mimi hupanda kosa kwa makusudi: kielekezi tupu kinachosomwa, ndani ya faili ambayo najua inajengwa. Nasafisha, najenga, nasubiri. Ripoti isipolitaja kosa langu, narudi kwenye CC.