Mfumo Hautawanyoosha

"Mtaalamu, kwa kampuni kama yetu, tununue mfumo gani?" Swali hili hunifikia kwa simu, hunifikia kwenye mapumziko ya semina, na mara nyingi anayeuliza ni mkurugenzi ambaye bodi yake imeshatenga fedha na kupanga tarehe ya uzinduzi. Humjibu kwa swali: kwenye kampuni yenu, nani ana mamlaka ya kuongeza bidhaa mpya kwenye orodha? Hukaa kimya kidogo, kisha husema maneno ambayo sasa nayajua kwa moyo. "Hapo ndipo penye tatizo letu, kila mtu anajiongezea. Ndiyo maana tunataka mfumo. Mfumo utatunyoosha."

Hautawanyoosha. Safu yote ya leo naitoa kwa jambo hili moja, kwa sababu nimechoka kuitwa mwaka wa pili wa mradi, fedha zimekwisha, wafanyakazi wamerudi kwenye daftari, na lawama yote imetupiwa programu.

Imani hii haikuzuka hivi hivi. Mifumo mikubwa ya kampuni, hii inayoitwa ERP, kweli ina vizuizi. Kadi ya bidhaa haihifadhiki bila kipimo. Hati ya manunuzi haisongi mbele bila idhini. Muuzaji akija na maonesho yake huonesha kampuni ya kubuni yenye bidhaa chache, wateja wachache na majina yaliyoandikwa vizuri, na kila kitufe kinaitika. Mkurugenzi anatazama, anaikumbuka stoo yake, anaona amepata dawa.

Sasa tazameni jinsi vizuizi hivyo vinavyofanya kazi siku ya kawaida. Mfumo unalazimisha kipimo kijazwe, basi karani mwenye foleni ya madereva mbele yake anaandika sifuri, au nukta, au anachagua cha kwanza kwenye orodha. Mfumo unalazimisha kila bidhaa iwe na kundi, na baada ya miezi sita nusu ya ghala iko chini ya "Nyinginezo". Mfumo unataka idhini tatu, lakini meneja yuko safarini, kwa hiyo nywila yake anayo katibu muhtasi, na ya mhasibu mkuu anayo msaidizi wake anayekaa meza ya pili. Idhini tatu zinapita ndani ya dakika mbili kutoka kompyuta moja. Huko ghalani mzigo unaandikwa kwenye daftari asubuhi na kuingizwa kwenye mfumo Ijumaa jioni, hivyo salio analolisoma mkurugenzi Alhamisi ni la wiki iliyopita. Hakuna aliyevunja sharti hata moja la programu.

Chukueni saruji. Kwenye faili la ekseli la kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye matawi matatu, ninakuta "Saruji 50kg", "SARUJI MFUKO", "Sementi 50", na "Saruji mpya" ambayo hakuna anayekumbuka ilikuwa mpya lini. Tawi moja linahesabu kwa mfuko, jingine kwa tani. Tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50, maana yake "20" ya tawi la kwanza ni mifuko 20 na "20" ya tawi la pili ni mifuko 400. Mwenye stoo wa kila tawi anajua anachomaanisha, na kwa miaka yote simu moja kati yao imetosha kusahihisha. Mfumo hauna hiyo simu. Unazijumlisha mbili hizo, unapata 40, unaamua bidhaa imepungua, na unatoa agizo la ununuzi. Kosa lililokuwa limelala ndani ya tawi moja sasa limekuwa deni kwa msambazaji.

Atakayedhani haya ni ya kampuni zisizo na uwezo, asome habari za Target nchini Kanada. Huyu ni mfanyabiashara mkubwa wa rejareja wa Marekani, na kwao mifumo yake ilikuwa ikifanya kazi. Alipoingia Kanada mwaka 2013 aliweka SAP, programu yenye sifa, tena kwa kasi. Taarifa za maelfu ya bidhaa ziliingizwa mbiombio na watu waliokuwa wakikimbizana na tarehe. Inchi zikaandikwa mahali pa sentimita, upana ukaandikwa mahali pa urefu. Jarida la Canadian Business liliandika mwaka 2016 kwamba uchunguzi wa ndani ulikuta taarifa zilizo sahihi ni takriban asilimia 30, wakati kule Marekani usahihi ulikuwa asilimia 98 hadi 99. Maghala yakajaa mzigo huku rafu za maduka zikiwa tupu. Januari 2015 kampuni ikatangaza kufunga maduka yote 133, na watu zaidi ya 17,000 wakapoteza kazi. SAP ilikokotoa ilichopewa.

Kuna tawi la pili la imani hii, nalo ni kubwa vilevile: mfumo ukishindwa kutunyoosha, basi tuunyooshe mfumo ufanane na sisi. Lidl ya Ujerumani ilianza mwaka 2011 kujenga mfumo mpya wa bidhaa juu ya SAP. Lidl ilikuwa imezoea kuthamini mzigo wake kwa bei ya kununulia, wakati mfumo wa kawaida wa SAP kwa maduka ulithamini kwa bei ya kuuzia. Kampuni ikashikilia desturi yake, marekebisho yakazaa marekebisho, na mwaka 2018 mradi ukasitishwa baada ya kumeza fedha zilizoripotiwa kufikia takriban euro milioni 500. Halmashauri ya Jiji la Birmingham, Uingereza, ilihamia mfumo wa Oracle Aprili 2022 kwa bajeti ya awali ya takriban pauni milioni 19. Nayo ilitaka programu ifuate taratibu zake za zamani, ikaongeza marekebisho hasa kwenye ulinganishaji wa hesabu za benki. Ulinganishaji huo ukakwama, na mwaka uliofuata halmashauri ikawa inazungumzia gharama ya hadi pauni milioni 100. Septemba 2023 ikatangaza kwamba haimudu matumizi yake. Mzigo mkubwa ulikuwa madai ya malipo sawa kwa wafanyakazi wanawake, lakini gharama ya Oracle ilitajwa waziwazi pamoja nayo.

Ninachowaomba wakurugenzi wakione hapa ni kwamba uamuzi wa kuthamini mzigo kwa bei ipi ni wa biashara. Uamuzi kwamba saruji itahesabiwa kwa mfuko katika matawi yote ni wa biashara. Kwamba meneja wa tawi la Mwanza hatasajili tena msambazaji bila namba ya mlipakodi, hata kama msambazaji huyo ni shemeji yake, ni uamuzi wa biashara, na unamhitaji mtu wa kumwambia hapana ana kwa ana. Mnapoupeleka kwa Idara ya Tehama mnampa kijana wa seva kazi ya kugombana na mameneja waliomzidi cheo na umri. Atashindwa, na si kosa lake. Nimeshuhudia vijana hodari wakiacha kazi kwa sababu hii, na inaniuma kila mara.

Kwa hiyo, kabla ya zabuni yoyote, fanyeni kwanza yale yasiyohitaji leseni. Teueni mtu mmoja mwenye orodha ya bidhaa, mmoja mwenye orodha ya wateja, mmoja mwenye orodha ya wasambazaji, kila mmoja kwa barua yenye saini ya mkurugenzi mkuu. Safisheni orodha hizo kwenye ekseli hiyohiyo mliyo nayo. Msambazaji aliyesajiliwa mara tatu kwa namba moja ya mlipakodi abaki mmoja, maana ndiye anayelipwa ankara moja mara mbili. Hesabuni ghala kwa mikono. Kama katika miezi mitatu hamjaweza kukubaliana kipimo cha saruji, ahirisheni mradi.

Mkishafika hapo, kuchagua si kugumu kama mlivyoogopeshwa. Kampuni ndogo yenye tawi moja ibaki na programu nzuri ya uhasibu. Ya kati ichukue mfumo uliokwisha tengenezwa, uwe wa kulipia leseni au wa chanzo huria kama Odoo au ERPNext, ilimradi kuna mtu wa kuuhudumia aliye karibu. Kubwa yenye viwanda na nchi kadhaa ndiyo yenye sababu ya kuzungumza na SAP, Oracle au Microsoft. Kujenga wa kwenu kuanzia mwanzo msikubali, isipokuwa programu ndiyo biashara yenu. Fuateni utaratibu wa kawaida wa mfumo kila mahali isipokuwa sheria inapodai vingine, na hapo msilegeze: stakabadhi za mashine za kielektroniki (EFD) za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), mfumo wa ankara za kodi wa eTIMS wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA), malipo ya simu, na sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Mtakeni muuzaji aoneshe haya yakifanya kazi kwa data yenu, na data yake ya maonesho aiache ofisini kwake. Kwenye mkataba, andikeni kwamba mkiondoka mnaondoka na data yote katika muundo unaosomeka. Kila mtu na nywila yake, na meneja anayesafiri aidhinishe kwa simu yake mwenyewe.

Anzeni na tawi moja. Benki ya TSB ya Uingereza iliwahamishia wateja wake milioni 5.2 kwenye mfumo mpya kwa wikendi moja ya Aprili 2018, karibu milioni 1.9 kati yao wakafungiwa nje ya akaunti zao, na miaka minne baadaye ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Msizindue kwenye msimu wa mauzo: Hershey, watengenezaji wa peremende wa Marekani, waliwasha mifumo mipya Julai 1999, maagizo ya sikukuu ya Halloween yakaanza kumiminika, na mzigo wa dola milioni 100 hivi ukashindwa kuwafikia wateja. Mishahara iendeshwe sambamba, mfumo wa zamani na mpya, kwa miezi miwili hadi tofauti ifike sifuri. Uhamishaji wa data ufanyiwe majaribio mawili kamili kwa data halisi, na tarehe ya uzinduzi ipangwe baada ya la pili kufaulu. Kama bodi imeshaitangaza tarehe kabla ya hapo, mkurugenzi arudi kwa wajumbe wake aombe iondolewe.