Mtandao mpya unakuchanganya? Huenda tatizo siyo wewe

Umewahi kujiunga na mtandao mpya ukabaki unauangalia tu? Umebofya hapa, umerudi pale, bando linakatika na ulichokuja kufanya bado hujakifanya. Mwisho unaufunga na kujiambia, "Labda mimi ndiyo siyajui haya mambo."

Tulia kwanza. Mara nyingi tatizo siyo wewe, ni jinsi mtandao wenyewe ulivyopangwa. Mfano mzuri ni kilichotokea Juni 2023, pale watu wengi walipokasirika na Reddit wakakimbilia mtandao unaoitwa Lemmy.

Kwanza, kwa nini walihama?

Reddit ni mtandao wa kushirikishana linki. Mtu anaweka linki ya habari, video au mjadala, wengine wanaipigia kura ya kuipandisha au kuishusha. Zenye kura nyingi zinakaa juu, na ndizo unazokutana nazo ukifungua. Ulianzishwa Marekani mwaka 2005 na Steve Huffman na Alexis Ohanian.

Kwa miaka mingi watu walikuwa wanasoma Reddit kupitia apu zilizotengenezwa na watu wengine, kwa sababu waliziona rahisi kuliko apu ya Reddit yenyewe. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba apu hizo zitaanza kulipia data zinazochukua. Mtengenezaji wa Apollo, apu iliyopendwa sana na wenye iPhone, alisema ingemgharimu takriban dola milioni 20 kwa mwaka. Hakuweza. Apollo ikazimwa Juni 30.

Maelfu ya makundi ndani ya Reddit yalijifunga kuanzia Juni 12 kupinga hatua hiyo. Na watu wakaanza kuulizana: twende wapi?

Wengi wakatajiwa Lemmy. Ilikuwepo tangu 2019, ila waliokuwa wanaijua ni wachache. Kwa muonekano inafanana na Reddit: linki, kura, maoni. Tofauti ni kwamba Lemmy haimilikiwi na kampuni moja. Ni programu huria, yaani mtu yeyote mwenye seva anaweza kuiweka na kufungua Lemmy yake, halafu seva zote hizo zinawasiliana.

Ukitaka kuielewa haraka, fikiria laini za simu. Wewe uko Vodacom, rafiki yako yuko Airtel, lakini mnapigiana bila shida. Lemmy nayo ni hivyo hivyo.

Wazo zuri kabisa. Shida ilianzia mlangoni.

1. Swali gumu linakuja kwanza

Ukitaka kujiunga na mitandao mingi unaandika jina, namba ya simu au barua pepe, nywila, basi. Lemmy inakuuliza kwanza: unataka seva gani? Mtu ambaye ndiyo kwanza amefika atajuaje? Ni kama kuulizwa unataka kukaa kiti kipi kwenye basi ambalo hujaliona.

Seva nyingine zilitaka uandike maelezo ya kwa nini unataka kujiunga, kisha usubiri msimamizi akukubali. Lengo ni kuzuia akaunti feki na watukutu, na linaeleweka. Ila kwa mtu aliyekuja kuchungulia tu, hapo ndipo alipogeuzia.

Na uchaguzi huo una uzito kuliko unavyoonekana. Katikati ya Juni 2023, seva ya Beehaw ilikata mawasiliano na lemmy.world, moja ya seva zilizopokea wageni wengi. Beehaw ilikuwa imezidiwa na kazi ya kusimamia wageni wanaomiminika kutoka nje. Kwa mtumiaji, ni kama kuamka asubuhi na kukuta laini yako haiwezi tena kupiga mtandao fulani. Watu wengi waliochagua seva hawakujua kwamba jambo kama hilo linawezekana.

2. Jina moja, sehemu tatu

Ukitafuta kundi la teknolojia unalipata lemmy.world, unalipata lemmy.ml na Beehaw nao wana la kwao. Majina yanafanana, watu ni tofauti, mijadala ni tofauti. Lipi ndilo lenyewe?

Jibu ni kwamba hakuna "lenyewe". Kila seva ina kundi lake. Lakini skrini haikuelezi hivyo, inakupa orodha tu uchague. Linki moja inaweza kuwekwa kwenye makundi yote matatu, ukajikuta unasoma habari ileile mara tatu.

3. Umeingia, halafu hujaingia

Hii ndiyo iliyowachosha wengi. Rafiki anakutumia linki ya mjadala. Unaibofya, inafunguka, unataka kuchangia, unaambiwa uingie kwenye akaunti. Unashangaa, si nimeshaingia?

Umeingia, ila kwenye seva yako. Linki imekupeleka kwenye seva ya rafiki yako, na kule hawakujui. Muonekano ni uleule, rangi zile zile, kinachobadilika ni anwani ndogo juu ya skrini ambayo kwenye simu hata huioni vizuri. Ili uchangie inabidi urudi kwako, utafute mjadala huohuo, ndiyo uandike. Kwa mtandao ambao kazi yake ni kushirikishana linki, hapo ndipo palipouma.

4. Posti zinakimbia kidole

Unasoma kichwa cha habari, unapeleka kidole ubofye, ghafla posti mpya inaingia juu na kusukuma zote chini. Umefungua kitu kingine kabisa. Unarudi nyuma, ile uliyoitaka huioni tena.

Lemmy ya wakati ule ilikuwa inapokea posti mpya papo hapo, hata kama uko katikati ya kusoma. Watu walipokuwa wachache haikusumbua, kwa sababu posti zilikuwa chache. Wageni walipofurika, ukurasa ukawa hautulii.

Tatizo hili la ukurasa kuruka halipo Lemmy tu. Umeshakutana nalo kwenye tovuti ambazo tangazo linachelewa kufunguka, likifunguka linasukuma kitufe ulichokuwa unakilenga. Tangu 2020 Google ina kipimo maalumu cha kuonyesha ukurasa unaruka kiasi gani.

Habari njema ni kwamba hili lilirekebishwa. Toleo la 0.18 la Lemmy, lililotoka Juni hiyohiyo, liliachana na mfumo ule wa kusukuma posti papo hapo. Ukurasa ukatulia.

Mtandao mzima unaweza kufa

Unaweza kusema haya ni mambo madogo. Waulize Digg.

Kabla Reddit haijawa kubwa, Digg ndiyo ilikuwa kinara wa kushirikishana linki. Ilianza 2004, na mwaka 2008 vyombo vya habari Marekani viliripoti kwamba Google ilikuwa inafikiria kuinunua kwa takriban dola milioni 200.

Agosti 25, 2010 Digg ikaleta muonekano mpya. Kitufe cha kuzika linki mbaya kikaondolewa. Ukurasa wa linki zinazochipukia, ambao watumiaji walikuwa wanautumia kuchagua zipi zipande, nao ukaondoka. Vyombo vya habari vikapewa njia ya kuingiza linki zao vyenyewe moja kwa moja. Juu ya hayo, tovuti ikawa inakatika katika kwa wiki kadhaa.

Watumiaji wakasoma ujumbe uliokuwa ndani ya mabadiliko hayo: kura yako haina uzito tena. Siku tano baadaye, Agosti 30, wakapanga siku ya kuihama Digg, na ukurasa wa mbele wa Digg ukajaa linki za Reddit, mshindani wake. Baadhi ya vilivyoondolewa vilirudishwa baadaye, lakini watu walishahama. Mwaka 2012 jina na tovuti ya Digg viliripotiwa kuuzwa kwa dola 500,000, huku hataza zake na sehemu ya wafanyakazi wakienda kwa kampuni nyingine.

Unaona mzunguko ulivyo? Reddit ilipokea wakimbizi wa Digg mwaka 2010. Miaka 13 baadaye, yenyewe ikatoa wakimbizi.

Mitandao ya aina hii haina bidhaa dukani. Wanaoleta linki ni watumiaji, wanaozichambua ni watumiaji. Ukiwafanya wajione wajinga, hawagombani na wewe. Wanaondoka, na wanaondoka na linki zao.

Kwa hiyo kosa ni la nani?

Don Norman, mtaalamu wa usanifu kutoka Marekani, aliandika kuhusu hili tangu miaka ya 1980. Aliona kwamba watu wakishindwa kutumia kitu huwa wanajilaumu wenyewe, iwe ni mlango, jiko au kompyuta. Hoja yake ni kwamba kama watu wengi wanakosea palepale, basi aliyekitengeneza ndiye wa kuulizwa.

Hiyo haina maana kwamba kila kinachokushinda ni kibovu. Kitu kigeni kinahitaji muda. Namna rahisi ya kutofautisha ni hii: ukikosea mara ya kwanza, huenda ni ugeni. Ukikosea palepale mara ya tano, na jirani yako naye anakosea hapohapo, huo ni usanifu mbovu.

Ufanye nini ukifika mtandao mpya?

Soma kwanza kabla ya kujisajili. Mitandao mingi ya linki, Lemmy ikiwemo, inaruhusu kusoma bila akaunti.

Acha ukurasa utulie sekunde chache kabla ya kubofya, hasa kama una bando dogo. Ukibofya kimakosa ukafungua video, utailipia.

Angalia anwani juu ya skrini kabla ya kuandika nywila. Kama anwani siyo ya kwako, usiingize kitu. Mazoea ya kuombwa kuingia upya kila mara ndiyo matapeli wanayoyapenda.

Na ukikwama, sema. Usiandike tu "mtandao wenu mbovu". Andika ulibofya nini, ulitegemea nini na kikatokea nini, pamoja na aina ya simu yako. Posti zilizokuwa zinakimbia Lemmy zilikuja kutulia, lakini waliofunga ukurasa kimya kimya wakijilaumu hawakukaa wakaona.