Mkono Usiotetemeka: Kuiandaa Timu ya Vijana kwa Mashindano ya Kulenga Shabaha

Leo tunazungumza na wazazi, walimu, makocha na vijana wenyewe. Tuseme timu ya vijana wa kwenu ina mashindano ya upinde na mshale Jumamosi na Jumapili. Je, itayarishwe vipi ili ilenge vizuri, na kila kijana arudi nyumbani akiwa mzima?

Sisi wa Ukambani hatuhitaji kufundishwa upinde ni nini. Wakamba wamejulikana tangu jadi kwa shabaha yao. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, lakini upinde haujafa. Umegeuka kuwa mchezo, tena mchezo unaoheshimiwa duniani. Umo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1972. Mwaka 2016 kule Rio, Kenya iliwakilishwa katika mchezo huu na Shehzana Anwar, na ndiye aliyebeba bendera ya taifa siku ya ufunguzi. Kwa hivyo kijana anayeshika upinde leo hachezi mchezo wa porini.

Mkono hutetemeka kwa nini?

Msikilizaji, mchezo huu hauhitaji kijana mwenye misuli mikubwa kuliko wengine. Unahitaji kijana aliyetulia. Fanya hesabu kidogo. Mkono ukiyumba kwa sentimita 1 tu wakati wa kuachia mshale, basi kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 18 mshale unaweza kwenda kando kwa sentimita 20 au zaidi. Hiyo inatosha kabisa kukosa alama.

Sasa, mkono hutetemeka kwa nini? Kwanza ni uchovu wa misuli. Pili ni njaa. Tatu ni kiu. Nne ni kukosa usingizi. Tano ni hofu. Ukiangalia vizuri, utaona kwamba mambo haya karibu yote hutengenezwa jikoni na kitandani, si uwanjani. Ndiyo maana tunasema maandalizi ya Jumamosi huanza Jumatano.

Kuanzia Jumatano: punguzeni mazoezi

Makocha wengi hukosea hapa. Wiki ya mashindano ndipo wanapowavutisha vijana upinde kutwa nzima. Misuli ya mabega na mgongo ikichoka huhitaji siku mbili au tatu kupumzika. Kwa hivyo, Jumatano fanyeni mazoezi ya kawaida, Alhamisi nusu yake, na Ijumaa mishale michache tu ya kukumbusha mwili.

Hapa Wamunyu kuna jambo jingine. Vijana wengi huwasaidia wazazi katika kazi ya kuchonga vinyago. Kupiga tezo na kupiga msasa kutwa nzima huchosha vidole na viwiko, na vumbi la mbao huwasha macho na kifua. Mzazi, tunajua kazi hiyo ndiyo karo na unga. Lakini kama kijana wako atashindana Jumamosi, mpumzishe kazi ya msasa Alhamisi na Ijumaa. Na siku nyingine zote, afunike pua na mdomo kwa kitambaa anapofanya kazi hiyo.

Upinde nao ufae mwili wa mwenyewe. Mwambie kijana avute uzi mpaka mwisho, ahesabu polepole hadi tano, kisha aurudishe taratibu bila kuuachia. Akitetemeka kabla ya kufika tano, upinde huo ni mzito kwake. Mpe mwepesi zaidi. Kumlazimisha mtoto avute upinde wa baba yake ni kumtafutia maumivu ya bega ya muda mrefu.

Macho yapimwe

Kabla ya kumlaumu kijana kwamba hana shabaha, hakikisha anaona. Mfunike jicho moja, umwonyeshe maandishi ama alama ndogo mbali, kisha ufanye vivyo hivyo kwa jicho la pili. Asipoona vizuri kwa jicho moja, apelekwe kituo cha afya. Mara nyingine mchezo kama huu ndio unaomfichua mtoto aliyekuwa hasomi ubao darasani, na watu wakadhani ni mvivu.

Kuna pia jicho linalotawala. Kijana anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja aache kitundu kidogo, na kwa macho yote mawili atazame kupitia hapo mti ulio mbali. Kisha afumbe jicho moja, halafu jingine. Jicho linaloendelea kuuona mti ndilo linalotawala. Kijana akilenga kwa jicho hilo, mishale yake itaacha kwenda upande mmoja.

Chakula, maji na usingizi

Chakula si lazima kiwe cha hoteli. Muthokoi, ndengu, viazi vitamu, mboga, mayai, papai na maembe ya msimu vyatosha. Siku ya mashindano, kijana ale takriban saa mbili kabla ya kuanza: uji na viazi vitamu, ama mkate na yai. Asijaribu chakula kigeni siku hiyo. Katikati ya mashindano, ndizi moja au karanga kidogo zitamshikilia.

Maji ni muhimu zaidi huku kwetu kwenye jua kali. Kijana asingoje kiu. Anywe kidogo kidogo tangu asubuhi. Mkojo ukiwa wa rangi iliyoiva kama chai, hajanywa maji ya kutosha. Maji ya kisima cha mchangani ama ya bwawa yachemshwe au yatiwe dawa ya maji, kwa sababu timu nzima inaweza kushindwa kwa tumbo la kuendesha. Mtu akianza kuharisha, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa, anywe mara kwa mara. Kuhara kukizidi, apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Usingizi wa kijana wa miaka 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10 kila usiku. Simu na runinga zizimwe mapema. Na mkilala ugenini, bebeni vyandarua.

Tuseme wazi pia kuhusu vileo. Muguka, miraa, pombe na sigara havimsaidii mlengaji. Muguka na miraa huharakisha moyo na kufukuza usingizi. Vinywaji vya kuongeza nguvu huleta mtetemeko uleule. Kuna pia wanaosikia kwamba tembe fulani za shinikizo la damu hutuliza mkono. Hizo hupunguza mapigo ya moyo, na zimepigwa marufuku katika mashindano ya upinde ya kimataifa. Kijana asiguse kabisa dawa za nyanya yake. Zinaweza kumwangusha, na mwenye pumu zinaweza kumfunga kifua.

Hofu na pumzi

Moyo kudunda kabla ya kulenga ni jambo la kawaida. Mfundishe kijana avute pumzi kwa pua, aitoe nusu, atulie kidogo, aachie mshale, kisha apumue. Afanye hivyo hivyo katika kila mshale, uwe wa kwanza au wa mwisho. Na wewe mzazi uliyekuja kushangilia, usimfokee akikosa. Mshale uliokwisha ondoka haurudi, lakini maneno yako atabaki nayo kwenye mshale unaofuata.

Uwanja usiomwaga damu

Msikilizaji, sasa sikiliza kwa makini zaidi. Mshale wa mchezo ni silaha. Uwanja uwe na mstari mmoja wa kulengea, na wote wasimame hapo, asiwepo wa mbele wala wa nyuma. Nyuma ya shabaha pawe na ukingo wa udongo ama kilima, wala pasiwe na njia ya watu, ng'ombe au watoto wanaoenda kuteka maji.

Tumieni filimbi kama inavyofanywa katika mashindano ya kimataifa. Milio miwili: walengaji waende kwenye mstari. Mlio mmoja: anzeni kulenga. Milio mitatu: wekeni pinde chini, nendeni mkachukue mishale. Milio mitano au zaidi mfululizo: acheni mara moja, kuna hatari. Vijana wazoee milio hiyo tangu mazoezini.

Upinde usielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha. Uzi usivutwe na kuachiwa bila mshale, kwa maana upinde unaweza kuvunjika usoni. Mshale uliopasuka utupwe. Mshale mfupi kuliko mkono wa kijana usitumike, kwa sababu ncha yake inaweza kumchoma mkono ulioshika upinde. Wakati wa kuchomoa mishale kwenye shabaha, asisimame mtu nyuma ya anayechomoa. Kijana avae kinga ya ngozi kwenye mkono, afunge nywele, na asivae nguo zinazopepea. Wasichana wapewe pia kinga ya kifua, na mwalimu wa kike abebe sodo za ziada.

Mishale ya babu

Katika nyumba nyingi za Ukambani bado kuna podo la zamani limening'inia darini. Mishale hiyo isiletwe mazoezini hata kidogo. Wazee walipaka chembe za mishale sumu nyeusi kama lami, iliyopikwa kutokana na mti ambao Wakamba huuita kivai. Sumu hiyo ikiingia kwenye damu hushambulia moyo na inaweza kuusimamisha. Walizungushia chembe kipande cha ngozi ili sumu isikauke. Usidhani kwamba miaka mingi imeimaliza nguvu. Mshale wa aina hiyo usikwaruzwe, usioshwe na mtoto, wala usijaribiwe. Mzee wa nyumba auweke mahali pa kufungwa kwa kufuli. Timu itumie mishale mipya iliyotengenezwa kwa mchezo tu.

Ajali ikitokea

Mshale ukimwingia mtu, usiuchomoe. Ukiuchomoa damu inaweza kufoka. Mlaze, uzungushie vitambaa safi pande zote mbili za mshale ili usitikisike, gandamiza pembeni mwa jeraha, kisha mpelekeni hospitali haraka. Asipewe pombe, wala jeraha lisipakwe majani au udongo. Daktari ataangalia pia kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Ikiwa ni jicho limechomwa, usilisugue, usilioshe, wala usiligandamize. Lifunike kwa kikombe safi kisichogusa jicho, na umpeleke hospitali.

Ikiwa mnashuku kwamba mshale ulikuwa wa zamani wenye sumu, msifiche kwa kuogopa lawama. Msinyonye jeraha. Mwambieni daktari mara tu mnapofika, hata kama mgonjwa bado anacheka na kuongea, kwa sababu moyo wake unahitaji kuchunguzwa.

Kijana anayeumwa kichwa, anayeona kizunguzungu au kutapika juani, mpelekeni kivulini, mlegezeni nguo, mloweni maji na mpeni anywe. Akianza kuchanganyikiwa ama kuzimia, msimnyweshe kitu. Endeleeni kumpoza kwa maji huku mkimkimbiza hospitali.

Kwa hivyo kocha ajue kabla ya safari gari litakalotumika ni lipi na kituo cha afya cha karibu kiko wapi. Awe na orodha ya simu za wazazi, na ajue ni nani mwenye pumu, kifafa ama selimundu, na dawa zake ziko wapi. Na vijana wasafirishwe wameketi ndani ya gari, wasining'inie nyuma ya pikapu kwenye barabara ya Machakos na Kitui.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, punguzeni mazoezi siku tatu kabla. Pili, kijana alale, ale na anywe maji. Tatu, macho yapimwe na upinde ulingane na mwili. Nne, filimbi itiiwe na kila mtu. Tano, mishale ya zamani ibaki imefungiwa. Sita, mshale uliomwingia mtu huchomolewa na daktari pekee.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu: Je, uwanja wetu una nini nyuma ya shabaha? Nani katika timu yetu hajawahi kupimwa macho? Na je, nyumbani kwako kuna podo la zamani, na watoto wanaweza kulifikia?

Timu yenu ikirudi Jumapili jioni na kikombe, tutafurahi pamoja nanyi. Ikirudi bila kikombe lakini kila kijana ana macho yake mawili na vidole vyake kumi, hiyo pia imeshinda.