Uhuru Iliyoruka Ngomeni

Setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza anga kwa eksirei iliruka tarehe 12 Desemba 1970 kutoka San Marco, jukwaa la chuma la Waitaliano lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, na NASA, wenye setilaiti, wakaiita Uhuru. Mchango wetu ukawa jina na bahari, na jina halikutugharimu kitu.

Hawakufuata ukarimu wa Pwani. Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Tena njia ya juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo.

Eksirei za angani huishia kwenye hewa kabla ya kutufikia: heri kwa ngozi zetu, hasara kwa wanaastronomia. Roketi za awali zilichungulia kwa dakika chache tu kisha zikaanguka. Uhuru ilitazama kwa zaidi ya miaka miwili na kuorodhesha vyanzo 339. Kimoja, Cygnus X-1, kiliwapeleka wataalamu kwenye shimo jeusi.

Lakini kwa anayeuliza ulimwengu umejengwaje, habari kubwa ilikuwa makundi ya galaksi, kama lile la Coma. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei za kundi la namna hiyo hazitoki kwenye nukta moja, bali zimetapakaa kundi zima. Baina ya galaksi mna gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, na uzito wake unazidi ule wa nyota zote za kundi. Gesi ya joto hilo ingekwisha kutawanyika zamani. Kinachoizuia ni mvutano wa maada nyeusi, ambayo hakuna aliyeiona.

Hapo hesabu ya umri wa ulimwengu inaingia. Maada huvuta, na mvutano hupunguza kasi ya kupanuka kwa ulimwengu. Katika miaka ya 1990 wataalamu walilinganisha gesi ya makundi hayo na uzito wote wa makundi yenyewe, wakapata kwamba maada iliyopo ni kama theluthi tu ya ile ambayo ingetosha kuusimamisha upanuzi. Kama ingetosha, na upanuzi ungekuwa na kasi hii ya leo, ulimwengu ungekuwa na miaka bilioni 9 hivi, ilhali zipo nyota zilizopita bilioni 12. Mtoto angemzidi mama umri. Hesabu ya sasa ni miaka bilioni 13.8.

Uhuru haikuupima umri huo, bali ilifungua njia. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi yake ya kisayansi, alipata Nobel mwaka 2002. Darubini ya Chandra, aliyoipigania tangu miaka ya 1970, ilirushwa 1999 kutoka Florida. Mwaka 2004 gesi ya makundi 26 iliyopimwa nayo ilithibitisha kwamba upanuzi unazidi kushika kasi.