Herufi tatu zinazobeba sentensi nzima hewani

USIKU wa Aprili 14, 1912, Cyril Evans, mhudumu wa redio katika meli ya Californian, aliita Titanic kuieleza kwamba chombo chao kilikuwa kimesimama, kimezingirwa na barafu. Mwenzake wa Titanic, Jack Phillips, alikuwa ameshughulika kutuma salamu za abiria hadi kituo cha Cape Race, Newfoundland. Alimjibu Evans kwa ukali kwamba anyamaze.

Evans alizima mtambo wake, akaenda kulala. Muda mfupi baadaye Titanic iligonga mlima wa barafu, na watu wapatao 1,500 wakaangamia.

Miezi miwili baada ya mkasa huo, wajumbe wa mataifa walikutana London na kuidhinisha orodha ya misimbo ya herufi tatu, karibu yote ikianza na Q. Orodha hiyo haikuzaliwa na ajali ya Titanic, kwani Waingereza walikuwa wameiandaa miaka kadhaa awali. Hata hivyo, ilileta kile kilichokosekana usiku ule: lugha moja, fupi, isiyo na hasira wala utata.

Misimbo hiyo ingali inatumika hadi leo, hasa miongoni mwa wanaredio wa ridhaa. Hawa ni watu wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, bila malipo yoyote.

Sababu ya kwanza ya ufupisho ilikuwa kuokoa muda. Katika alama za Morse, kila herufi hutumwa kwa nukta na vistari, na sentensi ndefu humchosha mtumaji. Sababu ya pili ni lugha. Mrusi na Mbrazili wasioelewana hata neno moja wanaweza kuzungumza kwa misimbo hii.

Kanuni yake ni nyepesi. Msimbo ukifuatwa na alama ya kuuliza huwa swali. Bila alama hiyo huwa jibu au taarifa. QTH? humaanisha "uko wapi?" na QTH ikifuatwa na jina la mahali, mathalani Mombasa, humaanisha "niko Mombasa". QRZ? ni "nani ananiita?" nayo QSL ni "nimepokea ujumbe wako".

Mingine hueleza hali ya hewani. QRM ni mwingiliano kutoka vituo vingine, QRN ni mikwaruzo ya asili kama ile ya radi, na QSB ni mawimbi yanayofifia na kurudi. Anayetaka kuhamia masafa mengine husema QSY, na anayefunga kituo chake husema QRT.

Adabu nayo haikusahaulika. Kabla ya kurusha mawimbi, mwanaredio wa Morse huuliza kwanza QRL? yaani, "je, masafa haya yanatumika?" Hiyo ndiyo hodi ya hewani, na asiyeipiga huonekana mtovu wa heshima.

Si misimbo yote inayoanza na Q. CQ ni mwito kwa kituo chochote kinachosikia. Nambari 73 ni salamu za heri za kuagana, ilhali 88 ni za mahaba. Zote mbili zimerithiwa kutoka kwa wapiga simu za maandishi wa karne ya 19 nchini Marekani.

Na SOS? Wengi hudhani ni kifupisho cha maneno fulani. La hasha! Ilichaguliwa kwa mdundo wake: nukta tatu, vistari vitatu, nukta tatu, usioweza kusahaulika wala kuchanganywa na mwingine. Phillips aliutuma mwito huo pamoja na CQD, ule wa zamani, na meli ya Carpathia ikafika kuwaokoa zaidi ya watu 700.

Katika mpango wa kimataifa wa utambulisho, kituo cha mwanaredio wa ridhaa wa Kenya huanza na 5Z, cha Tanzania 5H na cha Uganda 5X. Hakuna kituo kinachoanza na Q, ili kitambulisho kisidhaniwe kuwa msimbo.

Baadhi ya wasomaji watauliza faida ya haya yote katika enzi ya simu za mkononi. Jibu lilipatikana Desemba 26, 2004, tsunami ilipokumba visiwa vya Andaman, India. Simu zilikatika. Bharathi Prasad, mwanaredio wa ridhaa aliyekuwa Port Blair kwa shughuli ya kujifurahisha, aligeuza kituo chake VU4RBI kuwa njia ya kupitishia habari za manusura kwa jamaa zao.

Siku kama hiyo, masafa hujaa sauti za watu wenye hofu. Anayejua kusema mengi kwa herufi tatu huwaachia wengine nafasi ya kusikika.