Je, Wajua? Mjusi wa Tendaguru Ana Kichwa cha Bandia

Mjusi wa Tendaguru, ambaye wanasayansi humwita Giraffatitan brancai, ndiye dinosaria mrefu kuliko wote ambao mifupa yao imeunganishwa na kusimamishwa. Kiunzi chake, kilichomo katika makumbusho ya Museum für Naturkunde mjini Berlin, kina kimo cha meta 13.27. Mifupa yake ilichimbwa bara ya Lindi, nayo ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Hata hivyo, fuvu lililo juu ya shingo yake si mfupa, na pingili za shingo na za mgongo nazo ni za kufinyangwa. Mnyama huyu amevishwa viungo bandia ili umbo lake litimie.

Viungo bandia vya wanyama ni vya namna mbili. Kuna vya kazi, kama mguu wa kutembelea, na kuna vya mwonekano tu, visivyofanya kazi yoyote mwilini. Mbwa mwenye presha ya macho iliyokwisha kumpofusha huweza kutolewa vilivyomo ndani ya jicho, kisha gamba lake likajazwa tufe la silikoni. Maumivu huisha na uso hubaki na umbo lake, ila jicho halioni. Farasi aliyeng'olewa jicho huwekewa kigamba kilichopakwa rangi kufanana na jicho la pili. Kuanzia mwaka 1995, nchini Marekani, mbwa waliohasiwa wamekuwa wakiwekewa korodani za silikoni ili waonekane kama hawajahasiwa. Faida ya kiungo cha aina hii humwendea zaidi mwenye mnyama kuliko mnyama mwenyewe.

Viungo vya mjusi wa Tendaguru ni vya namna hiyo ya pili, lakini sababu yake ni nyingine, nayo inaanzia kwenye historia ya mifupa yenyewe. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler aliona mifupa mikubwa ikiwa imejitokeza juu ya ardhi karibu na kilima cha Tendaguru, kusini mwa Mto Mbwemkuru, unaoingia baharini kati ya Kilwa na Lindi. Nchi ilikuwa bado katika Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilivyoanzia Nandete, katika milima ya Matumbi wilayani Kilwa, mwaka 1905, na njaa iliyofuata vita hivyo iliwatesa watu wa kusini kwa muda mrefu. Uchimbaji ulianza mwaka 1909 chini ya wanasayansi Werner Janensch na Edwin Hennig wa makumbusho ya Berlin, ukaendelea hadi 1913.

Kazi yenyewe ilifanywa na watu wa huko, waliofika mia kadhaa kwa msimu mmoja. Nyapara wao mkuu, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi wa kutambua mifupa na kuitoa udongoni bila kuivunja. Kisukuku ni mfupa uliogeuka jiwe: ni mzito, lakini una nyufa, na ukishikwa vibaya humeguka vipande vipande. Kila mfupa ulikandikwa plasta, na ilipopungua ukatumika udongo mwekundu wa palepale. Mingine ilifungiwa ndani ya fito za mianzi zilizopangwa kama pipa. Kisha wapagazi waliichukua kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa kilomita 60 hivi, mfupa mkubwa ukining'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu kadhaa. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwa meli kwenda Ujerumani.

Plasta hiyo iliyolinda mifupa porini ndiyo iliyokuja kuziba mapengo yake Berlin. Asili yake ni jasi, madini meupe na laini ambayo huchimbwa pia Makangaga, wilayani Kilwa. Jasi ina maji ndani ya chembe zake. Ikiokwa kwa joto la nyuzi 150 hivi, sehemu kubwa ya maji hayo hutoka na kinachobaki ni unga. Unga huo ukikorogwa na maji huyanywa tena na kuganda kwa dakika chache, ukashika umbo la chochote kilichoubana. Kwa hiyo mfupa ukifunikwa kwa plasta hupatikana kalibu yake, na plasta ikimiminwa ndani ya kalibu hupatikana mfano wa mfupa wenye kila mfuo na kila shimo.

Zilikuwapo sababu mbili za kutumia bandia. Ya kwanza ni upungufu: Janensch, aliyempa mjusi huyu sehemu ya pili ya jina lake la kisayansi, brancai, mwaka 1914, hakupata mnyama mmoja aliyekamilika. Alichukua mifupa ya mmoja aliyehifadhika vizuri kuliko wengine, akaongeza mkia na sehemu nyingine kutoka kwa wenzake wa aina ileile, na palipokosekana mfupa akafinyanga. Ya pili ni uzito. Pingili za shingo na mgongo zilipatikana, lakini zilipokuwa hai zilikuwa na mianya mingi ya hewa na kuta nyembamba. Zilipogeuka jiwe zikawa nzito na dhaifu kwa pamoja, hazikuweza kutundikwa juu bila kuvunjika. Zikawekwa za bandia mahali pake. Fuvu nalo lilikuwa na thamani kubwa mno kuachwa juu ambako mtafiti hawezi kulifikia, hivyo likatengenezewa mfano.

Kiunzi kilisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, viwiko vya miguu ya mbele vikiwa vimepanuliwa nje na mkia ukiburuzwa sakafuni. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa wanyama hawa hawakusimama hivyo. Kati ya 2005 na 2007 mifupa yote ilishushwa, ikasafishwa na kupangwa upya. Miguu ya mbele sasa imenyooka chini ya kifua, na mkia umeinuliwa hewani.

Kiungo bandia huwa udanganyifu kinapofichwa. Katika mashindano ya urembo wa ngamia nchini Saudi Arabia, zaidi ya ngamia 40 waliondolewa mwaka 2021 kwa kudungwa dawa za kubadili sura na kufanyiwa hila nyingine za aina hiyo, kwa kuwa waamuzi walitaka kuona midomo na vichwa walivyozaliwa navyo. Makumbusho yalifuata njia tofauti. Mwaka 1950 Janensch alichapisha maelezo ya jinsi kiunzi kilivyoundwa, na fuvu halisi huonyeshwa peke yake, chini, mahali ambapo mtazamaji anaweza kulilinganisha na lile la bandia lililo juu. Bandia ikitangazwa hufundisha, kwa sababu humwonyesha mtu umbo zima bila kumficha kilichokosekana.

Pengo lililochelewa zaidi kuzibwa lilikuwa la majina ya wachimbaji. Kwa miaka mingi mijusi kadhaa wa Tendaguru walipewa majina ya Wazungu. Hata neno brancai linatokana na Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin. Mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, jina linalowataja Wamwera, wenyeji wa nchi hiyo, na Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mifupa ya mjusi huyo.