Uji Ukishaepuliwa

Je, wajua kuwa uji wa mtoto uliotokota vizuri asubuhi unaweza kujaa bakteria kabla ya adhuhuri? Moto huua wengi, ila si wote. Yupo Bacillus cereus, mkazi wa udongo na wa mchele, ambaye hali ikiwa ngumu hujifungia ndani ya gamba na kuwa spora. Sufuria huchemka naye akistahimili. Uji ukibaki vuguvugu, spora huamka na bakteria huanza kuzaana. Baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha ambayo hata kuupasha uji tena hakuiondoi.

Bonde la Kilombero, Tanzania, lina mpunga na lina joto. Msimu wa kilimo familia nyingi huhama Ifakara na vijijini, zikaishi kwenye vibanda vya mashambani. Mama hupika alfajiri kabla ya kushika jembe, na mtoto hulishwa kutwa kutoka bakuli lile lile. Simlaumu hata kidogo: kuni na maji ni vya kuhangaikia, na tumbo la mtoto ni dogo, hutaka kulishwa mara nyingi. Lakini bakteria mmoja wa kuhara aliyeingia na kijiko, akigawanyika kila dakika 20, baada ya saa 6 amekuwa zaidi ya 260,000.

Ndiyo maana naistahi togwa. Uji wa mahindi au mtama huachwa upoe kiasi, ukatiwa unga wa kimea cha ulezi. Muda si mrefu uji mzito hulegea hadi kumiminika, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea vinakata wanga. Kisha bakteria wa asidi ya laktiki huuchachusha mpaka kesho yake, pH ikashuka chini ya 4, ambapo Salmonella na Shigella hawastawi. Mwaka 1994 Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walichapisha utafiti wa vijijini nchini: watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha kwa nadra zaidi.

Kimea chenyewe, hata hivyo, huoteshwa siku kadhaa kwenye unyevu na joto, hivyo hubeba bakteria tele. Anayekitia ili kulainisha uji tu, akamlisha mtoto papo hapo, amewarudisha bakteria kabla asidi haijapatikana. Uji huo ukishalegea, urudishwe jikoni utokote tena, ndipo mtoto anywe.